Hedi ya Dizeli Ikipasuka, Usiulize Bei ya Hedi Peke Yake

Karibu kila mteja aliyenunua pikapu ya dizeli iliyotumika, akakuta hedi (sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda) imepasuka, huanza na swali moja: hedi mpya bei gani? Namtajia, kisha namwambia kwamba hiyo si bei ya matengenezo yake. Hedi haipasuki bure. Kuna kitu kilichoipasua, na kama hicho hakijatafutwa na kurekebishwa, hedi ya pili itafuata ya kwanza.

Kazi yangu ni silinda hedi: kuzipima, kuziskimu (kuchonga uso mpaka unyooke), kuchomelea zinazochomeleka na kuzikataa zisizofaa. Nyingi ninazoletewa ni za dizeli, na za dizeli za zamani ndizo zenye shida zaidi. Dizeli haiwashi mafuta kwa cheche. Inabana hewa mpaka inapata joto la kutosha kuyawasha. Zile zenye chemba ndogo ndani ya hedi, ambako mafuta hupuliziwa kwanza, hubana hewa kiasi cha mara 21, wakati injini ya petroli ya kawaida hubana kama mara 10. Maana yake moto unaanzia ndani ya hedi yenyewe. Sasa angalia nafasi iliyopo kati ya valvu ya kuingiza hewa na valvu ya kutoa moshi. Ni ukingo mwembamba wa chuma, upande mmoja una moto, upande wa pili una maji. Ufa mwingi huanzia hapo, au kwenye ukingo wa ile chemba, halafu unasafiri taratibu mpaka unakutana na njia ya maji.

Jambo la pili ni aloi yenyewe. Hedi nyingi za pikapu ni za aluminiamu, ila bloku, yaani mwili wa injini ulio chini ya hedi, ni chuma cha kumimina. Aluminiamu hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma hicho. Chukua hedi ya urefu wa sentimita 50 na uipandishe joto kwa nyuzi 80: itarefuka karibu milimita 0.9, na bloku chini yake itarefuka kama 0.45. Hiyo tofauti ya karibu nusu milimita inabebwa na gasketi (karatasi ya kuziba kati ya hedi na bloku) na bolti kila siku bila matatizo, mradi joto lipande sawasawa na libaki mahali pake. Injini ikichemsha, hedi inataka kutanuka zaidi lakini bolti zimeikamata, basi inapinda katikati au inapasuka. Mara nyingi inafanya yote mawili.

Ndiyo maana mafundi tukisikia 4D56 ya Mitsubishi ya lita 2.5, iliyofungwa kwenye L200 na Pajero nyingi, au 2L-TE na 1KZ-TE za Toyota, swali la kwanza ni kama iliwahi kuchemsha. Ni injini nzuri, ila hedi zake hazisamehe. Isuzu 4JB1 ina hedi ya chuma cha kumimina, ambayo ni nzito na haipindi kirahisi, ingawa nayo ikinyimwa maji itapasuka. Mtu akikwambia kuna injini ya dizeli isiyopasuka hedi, mwambie akuonyeshe ikikimbia bila maji.

Halafu kuna geji ya temperecha, ambayo watu wanaiamini kupita kiasi. Kihisi chake husoma joto la maji yanayokigusa. Maji yakipungua mpaka kihisi kikabaki hewani, sindano inaweza kutulia au hata kushuka huku hedi inaungua. Dereva anaona geji iko chini, anaendelea na safari. Akija kusimama anamwaga maji baridi kwenye injini inayowaka moto, na kama ufa haukuwepo, unapatikana dakika hiyo.

Kabla hujatoa pesa

Ukienda kukagua pikapu, sharti la kwanza ni kuikuta baridi. Weka kiganja juu ya injini kabla muuzaji hajagusa swichi. Ikiwa ina joto, uliza kwa nini, na ukiweza rudi siku nyingine bila kumwarifu mapema. Dizeli yenye ufa mdogo inaweza kukuficha mengi ikiwa imeshapashwa moto.

Ikiwa baridi, bonyeza hosi ya juu ya rejeta. Gari lililolala usiku kucha linatakiwa kuwa na hosi laini. Ukiikuta bado ngumu, kuna presha iliyobaki humo ambayo maji baridi hayawezi kuitengeneza. Fungua mfuniko wa rejeta, angalia maji yamefika wapi na yana rangi gani. Maji ya kahawia yenye tope yanakwambia mfumo umetumia maji matupu bila kulanti (dawa ya kupozea inayozuia kutu) kwa muda mrefu, na kutu ikaanza kazi. Ukiona chembe zinazong'aa au utando mzito unaoteleza kwenye vidole, mtu amemwaga dawa ya kuziba nyufa. Hiyo dawa huziba ufa kwa muda, na mara nyingine huziba rejeta pamoja nao.

Sasa funga mfuniko, washa, shika tena hosi ileile. Maji hayawezi kupata joto la kujenga presha ndani ya dakika moja. Hosi ikianza kukakamaa mkononi wakati chuma bado ni baridi, hiyo ni gesi kutoka kwenye silinda inayoingia kwenye maji. Kwangu hii ndiyo dalili inayobeba uzito kuliko zote, na haihitaji kifaa chochote. Viputo visivyokoma kwenye tanki la akiba vinasema hilohilo. Moshi mweupe asubuhi peke yake usiukatie hukumu, kwa sababu plagi za kupashia moto zikiwa zimekufa au nozeli za kupulizia mafuta zikivuja, moshi huo hutoka pia. Utando wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili nao unaweza kutokana na safari fupifupi zisizopasha injini vizuri. Ila oili yote kwenye kijiti ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, hapo hakuna mjadala: maji yameingia kwenye oili.

Kagua pia kama themostati ipo, ile valvu inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Wauzaji wengine huitoa ili gari lisichemshe siku ya majaribio. Injini inayochukua muda mrefu mno kupata joto inatia shaka. Feni iliyofungwa moja kwa moja bila klachi yake nayo inasema kuna mtu alikuwa anapambana na joto. Mwisho liendeshe kwenye mlima, likiwa na mzigo kama inawezekana, kwa sababu mzunguko wa dakika tano kwenye tambarare haujawahi kufichua hedi mbovu.

Ufa au gasketi?

Dalili za gasketi iliyoungua na za hedi iliyopasuka zinafanana sana, na hapo ndipo pesa za wateja hupotelea. Fundi anafungua, anaona alama nyeusi kwenye gasketi, anaweka mpya na kufunga. Baada ya muda tatizo linarudi na mteja analipa kazi ileile mara ya pili. Mimi sishauri hedi ya dizeli iliyochemsha irudishwe kwenye injini bila kupimwa kwa presha. Ukiambiwa ni gasketi tu, uliza hedi imepimwa na nani, na kwa njia gani.

Kuna kile kipimo cha dawa ya buluu kinachobadilika rangi kikikutana na gesi ya moshi kwenye rejeta. Ni kizuri, ila kwenye dizeli inayounguruma tu gari likiwa limesimama kinaweza kukudanganya: dizeli isiyo na mzigo inavuta hewa nyingi kuliko inayoihitaji, hivyo gesi inayotafutwa inakuwa chache. Fanya kipimo baada ya kuliendesha gari kwa nguvu. Kisipobadilika rangi, bado usifunge jalada.

Kipimo cha uhakika kinafanyika hedi ikiwa nje. Tunaziba njia zote za maji kwa sahani na mpira, tunaizamisha kwenye maji ya moto, tunaingiza hewa na kutafuta viputo. Maji lazima yawe ya moto. Kuna nyufa zinazobana kabisa hedi ikipoa na kufunguka ikipata joto, na hedi ya namna hiyo ikipimwa baridi itapewa cheti safi. Baada ya hapo tunaweka rula ya chuma juu ya uso wake na kupima mwanya kwa fila geji, yaani vibamba vyembamba vya kupimia nafasi. Kwenye hedi nyingi za pikapu natilia shaka chochote kinachozidi milimita 0.05, na ikifika 0.2 najua iliungua sana.

Si kila ufa ni kifo. Nyufa nyembamba kama unywele kati ya valvu, zisizofika kwenye maji, baadhi ya watengenezaji wanaziruhusu. Volkswagen, kwa mfano, kwenye baadhi ya dizeli zake inakubali hedi irudishwe ikiwa ufa hauzidi upana wa nusu milimita. Kwa hiyo picha ya ufa aliyokutumia fundi kwa simu haitoshi kuwa hukumu. Uliza kama ilivuja kwenye presha.

Bili ilivyo hasa

Hedi huuzwa tupu au kamili. Tupu ni aloi peke yake, na inakubidi uhamishe valvu, springi na kemshafti (shafti inayofungua valvu) za zamani, ambazo nazo zimepitia joto lilelile. Watu huona bei ya tupu wakafurahi, kisha siti za valvu, sili na kazi ya karakana vinaila tofauti yote. Ongeza seti nzima ya gasketi, na bolti mpya pale ambapo mtengenezaji anasema ni za kukazwa mara moja tu, kwa kuwa zimeundwa kuvutika. Mkanda wa taimingi na rola zake ukishavuliwa, kuurudisha wa zamani ni kujitafutia balaa. Weka washa za shaba za nozeli, oili, filta na kulanti. Halafu ndiyo ije orodha ya mhalifu mwenyewe: rejeta kusafishwa au kubadilishwa, pampu ya maji, themostati, mfuniko wa rejeta, klachi ya feni. Nozeli zipimwe pia, kwa sababu inayomwaga badala ya kupulizia inachoma sehemu moja ya hedi. Na kama mtu alifungua pampu ya dizeli ili gari liwe na nguvu, irudishwe kwenye kipimo chake, la sivyo kila kitu kingine ni kazi bure. Ukijumlisha yote hayo na ufundi, utakuta mara nyingi yanalingana na bei ya hedi au kuipita. Kiasi hicho chote ndicho cha kukatwa kwenye bei ya pikapu wakati wa mapatano.

Kuchomelea naulizwa sana. Aluminiamu inachomeleka, lakini hedi inatakiwa ipashwe moto taratibu yote, ichomelewe na ipoe polepole, kisha ichongwe na kupimwa upya. Kwa ufa wa pembeni, mbali na moto, nakubali. Kwa ufa kati ya valvu au uliopita kwenye chemba nasita, hasa hedi ikishalainika kwa joto, kwani aloi iliyopoteza ugumu haishiki gasketi hata uso wake ukiwa kama kioo. Kuskimu nako kuna mwisho. Kwenye dizeli pistoni hupanda karibu kabisa na valvu, na watengenezaji wengine hawaruhusu kuondoa hata kidogo. Isitoshe, hedi iliyopinda imepinda juu na chini. Ukinyoosha uso wa chini tu, njia ya kemshafti bado imepinda, na kemshafti itakwama au kukatika.

Hedi iliyotolewa kwenye gari jingine mimi huikubali kwa sharti moja: ipimwe kabla ya kulipiwa. Inawezekana gari hilo lilichinjwa kwa sababu lilichemsha.

Wakati hedi iko nje, mwambie fundi apime pia uso wa bloku na aangalie kuta za silinda na vichwa vya pistoni. Maji yaliyoingia kwenye silinda yakakaa huacha kutu, na injini iliyochemsha mpaka kuzima inaweza kuwa imekwaruza pistoni. Ukikuta hivyo, simamisha manunuzi yote na linganisha na bei ya injini nzima kabla hujanunua hata gasketi. Baada ya kufunga, hewa itolewe kwenye mfumo wa maji injini ikiwa inaunguruma na hita imefunguliwa hadi mwisho. Asubuhi ya pili, kabla ya kuwasha, bonyeza tena hosi ya juu na uongeze maji yaliyopungua.