Barafu ya bahari haipigwi picha

Wiki iliyopita nilikuwa nawaonyesha watu wa bima ya meli ramani za barafu ya Aktiki, bahari ya ncha ya kaskazini ya dunia, za mwezi Januari. Nilipomaliza, mmoja akanyoosha mkono. "Samahani mtaalamu, huko miezi hiyo si ni usiku mtupu? Hizi picha mlizipiga kwa mwanga gani?" Wenzake wakaafiki kwa vichwa. Ni mtu makini na swali lake ni la haki kabisa. Kilichonichoma ni alichoongeza: kwamba kama mwanga haupo, basi namba za majira ya baridi ni makadirio ya mezani. Hilo nimelisikia kwa wanafunzi, nimelisikia kwa waandishi wa habari, na nimelisikia kwa watu wanaozilipia ramani hizi. Leo nalijibu kwa kirefu, na madai mengine ninayoyasikia nitayapitia kwa haraka.

"Setilaiti hupiga picha, kwa hiyo giza na mawingu huharibu hesabu"

Kamera zipo angani, na siku ya jua bila mawingu zinatoa picha nzuri mno. Lakini ile chati ya ukubwa wa barafu ya Aktiki unayoiona ikipanda kila Machi na kushuka kila Septemba haikutokana na kamera. Imetokana na vihisio vya mikrowevu ambavyo havitumi chochote, vinapokea tu. Kila kitu chenye joto lolote hutoa mikrowevu: bahari, barafu, nchi kavu, wewe unayesoma. Mawimbi hayo hayangoji jua lichomoze, na katika masafa (kasi ya kutetema kwa mawimbi) tunayoyatumia yanapenya sehemu kubwa ya mawingu. Ndiyo maana kazi hii ilianza na setilaiti ya Nimbus-7, iliyorushwa Oktoba 1978, ikaendelea na DMSP, setilaiti za hali ya hewa za jeshi la Marekani, kuanzia 1987, na tangu 2012 tunacho pia kihisio cha AMSR2 cha Japani. Hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji mwanga wa mchana kufanya kazi hii.

Sasa barafu inajulikanaje? Hapa ndipo watu wanapopotea, kwa sababu akili inasema barafu ni baridi kuliko maji, hivyo itoe mikrowevu kidogo. Ni kinyume. Maji ya bahari ni mtoaji dhaifu wa mikrowevu, na barafu mpya yenye chumvi ni mtoaji hodari. Kwa kihisio, barafu ya nyuzi ishirini chini ya sifuri inang'aa kuliko maji yaliyo pembeni yake ambayo hayajaganda.

Tunapima mng'ao huo kwa kelvini, kipimo cha joto, na tunaupima mara mbili: mawimbi yanayotetema wima na yanayotetema mlalo. Katika masafa ya gigahezi 19, maji matupu husomeka karibu 177 kwa wima na karibu 100 kwa mlalo. Barafu ya mwaka mmoja husomeka karibu 258 kwa wima na 243 kwa mlalo. Tazama pengo baina ya namba mbili za kila upande. Kwa maji ni zaidi ya 75. Kwa barafu ni kama 15. Pengo hilo ndilo linalotuambia tunatazama nini, wala si mng'ao peke yake.

Chukua mraba mmoja wa kilomita 25 kwa 25 kwenye ukingo wa barafu katika Bahari ya Barents, kaskazini mwa Norwei na Urusi, Februari, giza totoro na mawingu yametanda. Wima inasoma 218, mlalo inasoma 172. Pengo ni 46, katikati ya maji na barafu. Mraba ule umefunikwa barafu karibu nusu. Kanuni zenyewe za kukokotoa hutumia uwiano badala ya kutoa tu, na huongeza masafa ya gigahezi 37 ili kutenganisha barafu mpya na kongwe, lakini kiini ni hicho. Hakuna aliyekisia kitu.

Kisha huja kipimo ambacho kila anayetumia namba hizi anapaswa kukijua kabla ya kufungua mdomo: asilimia 15. Mraba wenye barafu kuanzia asilimia 15 unahesabiwa wote, kilomita za mraba 625 nzima, kuwa ndani ya upeo wa barafu. Ukitaka eneo halisi, unazidisha kila mraba kwa asilimia yake. Upeo daima ni mkubwa kuliko eneo, na mtu akichukua upeo wa mwaka mmoja na eneo la mwaka mwingine, atavumbua maangamizi au muujiza ambao haukutokea. Nimeona jambo hili kwenye ripoti iliyochapwa kwa rangi na kusainiwa.

Mnaoogopa Januari, nawaomba mhamishie wasiwasi wenu Julai. Januari barafu ni kavu na baridi, ishara yake ni safi. Julai jua linawaka saa ishirini na nne, theluji inayeyuka, na juu ya barafu vinatanda vidimbwi vya maji. Kihisio hakiwezi kuona chini ya maji, hata kina chake kikiwa kidogo sana. Kikipita juu ya mraba uliojaa barafu tupu lakini theluthi yake ina vidimbwi, kinasoma barafu theluthi mbili. Eneo halisi linapungua kwenye hesabu ilhali barafu ipo pale pale. Upeo hauumii sana, kwa sababu theluthi mbili bado iko juu kabisa ya asilimia 15. Hiyo ndiyo sababu mimi husisitiza upeo kwa majira ya joto, na sitachoka kusisitiza. Barafu changa nyembamba nayo husomeka pungufu. Pwani huleta udanganyifu, kwa kuwa mng'ao wa nchi kavu humwagikia miraba ya baharini. Dhoruba nazo huyachafua maji kwa mawimbi, yakafanana na barafu kidogo, hadi vichujio viondoe.

Kwa hiyo makosa yapo, na tunayajua kwa majina. Kanuni mbili tofauti zinaweza kupishana kwa mamia ya maelfu ya kilomita za mraba kwa siku ileile. Lakini kila moja hukosea kwa namna ileile mwaka hadi mwaka, na zote zinaonyesha mteremko uleule. Ushauri wangu ni mmoja: chagua mfululizo mmoja wa vipimo, kaa nao, usichanganye na wa kituo kingine, na usitaje namba ya siku moja. Tumia wastani wa siku tano, au wa mwezi mzima ukiweza.

Kuhusu setilaiti kuchakaa, nazo huchakaa. Mwanzoni mwa 2009 kihisio kimoja kilianza kupotoka polepole, upeo wa Aktiki ukasomeka pungufu kwa takriban kilomita za mraba 500,000 kabla ya kosa kugunduliwa na kutangazwa wazi. Kilibadilishwa, namba zikasahihishwa. Na setilaiti mpya ikija, haipokei zamu kwa kuamini tu. Mwaka 1987 Nimbus-7 na DMSP ya kwanza zilipima kwa pamoja kwa muda wa majuma kama sita, zikilinganishwa mraba kwa mraba. Mimi ningetamani majuma hayo yangekuwa mwaka mzima, kwa sababu barafu ya Julai haifanani na ya Januari. Kila nikisikia setilaiti ya zamani inataka kuzimwa kabla mrithi wake hajazoeleka, roho hunisinyaa.

"Rekodi ilikuwa 2012, tangu hapo barafu imepona"

Septemba 2012 upeo wa Aktiki ulishuka hadi takriban kilomita za mraba milioni 3.4, na kweli hakuna Septemba iliyofika chini ya hapo tangu wakati ule. Lakini aliyekuwa na homa ya 41 akashuka hadi 39 hajapona. Panga viwango vya chini vya kila mwaka tangu 1979 kuanzia mdogo kabisa: miaka yote kuanzia 2007 hadi 2025 inajipanga mwanzoni, na hakuna hata mmoja wa kabla ya 2007 ulioingia katikati yao. Kiwango cha juu cha Machi 2025, kilomita za mraba milioni 14.33, kilikuwa kidogo kuliko viwango vyote vya juu vilivyorekodiwa hadi wakati ule. Upepo na mawingu ya msimu mmoja huamua kama kiwango cha chini cha mwaka kitakuwa milioni 3.8 au milioni 4.6. Vilevile upeo hauzungumzii umri. Katikati ya miaka ya 1980, karibu theluthi ya barafu ya Bahari ya Aktiki mwezi Machi ilikuwa na zaidi ya miaka minne. Siku hizi ni asilimia chache. Barafu ya mwaka mmoja inaweza kufunika bahari ileile ikiwa nyembamba na nyepesi kuvunjika.

"Mlianzia 1979 ili mpate mwaka wenye barafu nyingi"

Tulianzia pale kwa sababu ndipo kilipoanza kihisio chenye masafa kadhaa na mitetemo yote miwili. Kabla yake, Nimbus-5 iliyorushwa Desemba 1972 ilikuwa na masafa mamoja tu, na data zake zina mapengo. Pengo la wima na mlalo nililolieleza juu halikuwezekana nayo.

"Setilaiti hupima unene wa barafu moja kwa moja"

Hili huwapata hata wahandisi. Zinachopima ni kimo cha barafu juu ya maji, kidogo kinachochomoza, kwa kukilinganisha na maji yaliyo kwenye nyufa za karibu. CryoSat-2, angani tangu 2010, hutumia rada. ICESat-2, tangu 2018, hutumia leza. Sehemu kubwa ya barafu imezama, takriban tisa ya kumi, hivyo unene hupatikana kwa hesabu ya kuelea, na kosa la sentimita moja juu linakuwa kama sentimita kumi katika unene.

Kisha kuna theluji. Leza hugonga juu ya theluji. Rada hudhaniwa kupita hadi barafuni, ingawa theluji ikiwa na unyevu au chumvi haipiti yote. Na theluji yenyewe huilemea barafu ikaizamisha. Mtu akikupa ramani ya unene bila kukuambia theluji aliichukulia kuwa na kina gani, mrudishie akajaze. Nasema hivi kwa moyo wote, kwa sababu meli hupangiwa njia kwa ramani hizo.

"Barafu ya bahari ikiyeyuka ndiyo inayopandisha kina cha bahari"

Inaelea tayari, imekwisha kusukuma maji yake. Mchango wake kwa kina ni mdogo mno. Kina hupandishwa na barafu ya nchi kavu, kama ya Greenland, na maji ya bahari yanayotanuka kwa joto.

"Antaktika inaongezeka, kwa hiyo mambo yanasawazika"

Aliyesema hivi mwaka 2014 alikuwa na namba mkononi: Septemba ile upeo wa barafu ya bahari kuzunguka Antaktika, bara la ncha ya kusini, ulipita kilomita za mraba milioni 20, rekodi ya juu. Anayesema hivi leo hajafungua data kwa miaka kumi. Kuanzia 2016 upeo ulianguka ghafla. Februari 2022 ulishuka chini ya milioni 2 kwa mara ya kwanza katika rekodi, Februari 2023 ukafika takriban milioni 1.79, na majira ya baridi yaliyofuata haukufika hata milioni 17. Huko barafu imezungukwa na bahari wazi na kutawaliwa na pepo, ilhali Aktiki ni bahari iliyofungwa na nchi kavu pande nyingi, kwa hiyo hazikuwahi kutembea pamoja na haifai kutoa moja kwa nyingine kama madeni. Vihisio vinavyozipima ni vilevile, na mraba wa Bahari ya Weddell, pembeni mwa Antaktika, usiku wa Julai husomwa kwa pengo lilelile la wima na mlalo.