Bei ya tovuti ya kwanza: yanayosemwa barazani na yalivyo

"Ya kwanza mfanyie bure, atakusifu kwa watu." Ukisema Lamu kwamba umeanza kutengeneza tovuti, huu ndio ushauri wa mwanzo utakaopewa, tena na watu wanaokupenda. Mimi niliufuata. Ilikuwa nyumba ya wageni huko Shela, kurasa sita, mwenye nyumba akanipa elfu tano "ya soda" na ahadi ya kunitaja kwa wenzake. Ahadi aliitimiza, kwa hilo simlaumu. Walikuja wateja watatu, na kila mmoja alikuja na bei yake mkononi: elfu tano. Mji ni mdogo huu. Bei unayomtajia mtu asubuhi gatini, jioni imeshafika Langoni.

Kumbe sifa na bei husafiri boti moja. Ukitaka kumpunguzia mteja wa kwanza, mpunguzie, lakini kotesheni iandike bei kamili, mstari wa pili punguzo, wa tatu anacholipa. Akikusifu atasema, "Ni elfu arubaini, mimi alinipunguzia." Hiyo ni habari nyingine kabisa.

"Mwanangu, kwani si kompyuta ndiyo inayofanya?" Niliulizwa hivi na mzee mmoja, kwa upole, na sikumkasirikia. Anachokiona ni kurasa, basi anadhani bei ni ya kurasa. Zile sita za Shela nilizimaliza kwa siku mbili. Kisha picha: mwenye nyumba alinitumia kwa WhatsApp, zikafika zimefifia, ikabidi nipande boti nikapige upya. Maelezo ya vyumba hakuwa nayo, nikayaandika mimi. Bei za vyumba zikabadilika mara mbili. Mwisho nikakaa na mpwa wake kumfundisha kuzibadilisha mwenyewe. Nilipohesabu, siku tisa.

Kwa hivyo anza na siku. Tuseme mwezi wako unakula 44,000: kodi ya nyumba, chakula, bando, nauli. Siku za kazi ni 22, ila karibu nusu hazilipwi na mtu. Unatafuta wateja, unajibu simu, unafuatilia madeni. Zikibaki 11, kila siku inayolipwa ibebe 4,000. Siku tisa ni 36,000, na hapo hujaweka faida wala kompyuta itakayokufa siku moja bila kuaga. Ukishuka chini ya hapo, mteja anajengewa kwa pesa ya mfukoni mwako. Hesabu yako itakuwa tofauti na hii, lakini ifanye kwenye karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Halafu kuna tangazo la mtandaoni: tovuti kwa 5,000 tu. Mteja atakuonyesha kwenye simu yake. Si lazima liwe la uongo. Mara nyingi ni WordPress, programu ya kujengea tovuti ambayo yenyewe ni ya bure, na muundo uliokwisha tengenezwa ukabadilishwa jina na rangi. Usishindane na bei hiyo. Muulize tu domeni, yaani anwani ya tovuti, itaandikishwa kwa jina la nani. Majina ya .co.ke yako chini ya KeNIC, shirika linalosimamia domeni za Kenya, na fundi akiliandikisha kwa jina lake mwenyewe, siku mkigombana mwenye hoteli ataliomba jina la hoteli yake kama mgeni. Domeni na nafasi kwenye seva hulipiwa kila mwaka. Ziweke nje ya bei ya kazi yako, kwa jina la mteja, azilipie yeye.

Kulipia kwa M-Pesa kwenye tovuti nako kuna mstari wake wa kotesheni. Kunataka Till au Paybill ya biashara, kuunganishwa kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha tovuti na M-Pesa, na majaribio. Watu huitaja mwishoni, "na M-Pesa pia uiweke hapo," kama anayeomba chumvi mezani.

"Kumwomba mtu mzima pesa kabla ya kazi si adabu." Hapa ndipo vijana wa kwetu tunapokwama. Lakini seremala wa milango ya nakshi hakati mbao kabla ya kupokea arubuni, na hakuna amwitaye mkosa adabu. Chukua nusu mwanzo, na iliyobaki kabla ya kukabidhi nywila. Angalia na msimu: masika ikiingia, Aprili na Mei, nyumba nyingi za wageni hufungwa, na mwenye nyumba anakuwa hana, si kwamba hataki. Panga malipo ya mwisho yasivuke Machi.

Hoteli iliyosajiliwa itakudai invoisi ya eTIMS, mfumo wa invoisi za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi, maana tangu Januari 2024 gharama isiyo na invoisi hiyo KRA haiikubali kwenye hesabu ya kodi. Jisajili mapema.

Yule wa Shela alirudi baada ya mwaka, anataka kurasa za Kiitaliano kwa ajili ya wageni wanaomfikia kutoka Malindi. Nikampelekea kotesheni. Akaisoma polepole, akavua miwani, akauliza, "Na punguzo?"

"Lipo, ami. Mstari wa pili."