Sumukuvu: ukame unavyotia sumu mahindi ya mwenye njaa

Mabadiliko ya tabianchi yanahusianaje na sumu ya mahindi?

Sumukuvu hutengenezwa na kuvu, hasa aina ya Aspergillus flavus, wanaoishi udongoni na kupenda joto. Mahindi yanayokosa maji wakati wa kubeba hudhoofika, punje hupasuka au kutobolewa na wadudu, na kuvu hupenya yakiwa bado shambani. Mvua ikinyesha wakati wa kuvuna, nafaka huingia ghalani ikiwa na unyevu, na sumu huongezeka humo. Kadiri joto linavyopanda na misimu inavyovurugika, ndivyo hali hizo mbili zinavyozidi kukutana.

Kwa nini wanaoumia zaidi ni maskini?

Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki. Mavuno yalikuwa haba, na baadhi ya familia zilihifadhi mahindi mabichi ndani ya nyumba kwa kuhofia wezi. Mwenye fedha humwaga debe lililoota ukungu akanunua jingine, lakini aliyeambulia magunia mawili baada ya ukame hupangusa ukungu huo na kuyapeleka mashineni. Kumwita mzembe ni kutoijua njaa. Mwaka 2016 maafa ya namna hiyo yalitokea Dodoma na Manyara, nchini Tanzania.

Je, kupika huiondoa sumu?

Hapana, moto wa jikoni hauimalizi, iwe ni ugali, uji au pombe ya kienyeji. Anayetapika, kuumwa tumbo na kuwa na macho ya manjano apelekwe hospitali mara moja. Anayeila kidogo kidogo kwa miaka huongeza hatari ya saratani ya ini, hasa akiwa na homa ya ini aina ya B.

Nitajuaje kama mahindi yamekauka?

Tia mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha uiache itulie. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Endelea kuanika juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo. Kipimo hiki huonyesha unyevu tu, si sumu, kwa hiyo chambua pia punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au kuota ukungu. Hizo usiwape kuku, wala ng'ombe wa maziwa, kwa kuwa sumu hupita hadi kwenye maziwa anayokunywa mtoto.