Amitriptilini si dawa ya usingizi

"Nimepewa dawa ya usingizi tu," husema wagonjwa wanaoandikiwa amitriptilini, dawa ya sonona na maumivu ya neva. Usingizi huja usiku wa kwanza kwa sababu huzuia histamini, kemikali inayouweka ubongo macho, lakini siyo kazi iliyoandikiwa. Huzuia seli za neva zisifyonze tena serotonini na noradrenalini, kemikali za ubongo zinazohusika na hisia, na nafuu ya sonona inayotokana na hapo huchukua wiki 2 hadi 4, hata 6. Maudhi hayangoji. Siku ya tano mdomo umekauka hadi ulimi unanata, choo kigumu, ukiinuka haraka kitandani kizunguzungu, na huzuni iko palepale. Wengi huacha hapo, wiki chache tu kabla mambo hayajaanza kugeuka.

Ndiyo maana huanzwa na mg 25 usiku, kisha daktari hupandisha taratibu, kwa watu wazima wengi hadi mg 100 au 150. Aliyekaa miezi mitatu kwenye mg 25 akasema haimsaidii, pengine hajawahi kufikia dozi ya sonona.

"Miguu inawaka moto, mbona napewa dawa ya wagonjwa wa akili?" Kwa dozi ndogo, mg 10 hadi 75, hutuliza maumivu ya neva ya kisukari na yale yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi. Daktari ameyaamini maumivu yako.

"Nitakuwa teja." Hapana, haileti uraibu. Ila ukiikata ghafla utapata kichefuchefu, jasho na usingizi wa mang'amung'amu. Ishushwe kwa wiki 4 au zaidi. Na kupona si siku ya kuacha: endelea angalau miezi 6.

"Ni ya zamani, ipo tangu 1961, kwa hiyo ni salama." Hili ndilo linalotutia hofu. Ikizidi, huziba njia za sodiamu zinazopitisha umeme wa moyo, mapigo yakavurugika na degedege likafuata. Kwa mtoto mdogo vidonge vichache vinatosha kuua. Aliyemeza nyingi akimbizwe hospitali hata kama anaongea vizuri, maana hali hubadilika ndani ya saa chache. Huko atapimwa ECG, kipimo cha umeme wa moyo, na kupewa sodiamu baikaboneti kwenye mshipa. Usiichanganye na pombe wala tramadoli, dawa ya maumivu. Mwenye presha ya macho, tezi dume iliyovimba au aliyepata shtuko la moyo karibuni aseme kabla ya kuandikiwa. Mwenye mawazo ya kujiua apewe vidonge vya wiki moja tu, na ndugu ndiye amtunzie.