Bagamoyo si machozi peke yake

Kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo ni kilomita 70 hivi, lakini wengi wanaoifuata barabara hiyo hufika wakiwa na hadithi moja tu kichwani: huu ulikuwa mji wa watumwa, basi. Inaniuma kila nikiisikia. Utumwa ulikuwepo, wala haufai kufichwa. Ila hadithi hiyo ikibaki peke yake inawafuta watu wengi mno.

Tuanze na jina. Wageni huambiwa kwamba "bwaga moyo" ni kilio cha mtumwa aliyefika pwani akakata tamaa: uache moyo wako hapa, kwenu hurudi tena. Maneno yanachoma, na huenda wapo waliolia hivyo. Lakini sisi tunaosema Kiswahili tunajua kinachobwagwa ni mzigo, na mtu aliyebwaga moyo ametulia, wasiwasi umemtoka. Wapagazi walitoka Ujiji wakapitia Tabora, safari ya kilomita 1,200 na zaidi, miezi kadhaa njiani, pembe za ndovu begani. Kwao kuiona bahari kulikuwa kutua mzigo, kupokea ujira na kulala bila kuamshwa alfajiri. Wengi walikuwa Wanyamwezi, watu huru wenye kuipenda kazi yao; kijana ambaye hakuwahi kufika pwani, kwao alikuwa bado mtoto. Pembe ndizo zilizoukuza mji huu kuliko kitu kingine, na bandari iliyoongoza kwa kusafirisha watumwa upande wa bara ilikuwa Kilwa. Wapo wanahistoria wanaoegemea maana hii ya wapagazi, nami niko upande wao.

Pale misheni ya Kikatoliki, iliyoanzishwa 1868, kuna mbuyu mnene wenye kipande cha mnyororo kilichochomoza kwenye gome. Watu hukigusa wakinong'ona, "Walifungwa hapa." Sogea karibu: utaona pingili chache zenye kutu, nyingine zimezama ndani ya mti. Wanavyosimulia wenyeji wa misheni, mnyororo huo ulikuwa wa Madame Chevalier, Mfaransa aliyefanya kazi hapo, naye alifungia punda wake. Mti ukanenepa, ukaumeza. Ya watumwa kwenye misheni ni kinyume kabisa: waliokombolewa ndiko walikopewa makazi.

David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, hakuzikwa hapa, ingawa mnara wa kanisa unaitwa kwa jina lake. Alifia Chitambo, Zambia ya leo, mwaka 1873. Watumishi wake Waafrika, Chuma, Susi na wenzao, wakauzika moyo wake huko, wakaukausha mwili na kuubeba kwa miguu mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Ulilala usiku mmoja kanisani, ukavushwa kwenda Unguja, na kaburi lake liko Westminster Abbey, London. Laiti ningekuwa na uwezo, mnara ule ningeuita kwa majina ya waliombeba.

Abushiri, aliyeongoza watu wa pwani kuwapinga Wajerumani, naye hakunyongwa Bagamoyo. Ni Pangani, Desemba 1889.

Wengine hudhani mji ulianza na Wajerumani. Kaole, kilomita chache kusini, kuna magofu ya msikiti wa karne ya 13. Wajerumani walichofanya ni kuufanya Bagamoyo makao makuu yao, kisha mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam. Husemwa walihama kwa sababu mji ulikuwa umekufa. Hapana, misafara iliendelea kuja. Tatizo lilikuwa kina cha maji, na hilo huhitaji kitabu kuliona. Nenda ufukweni maji yakiwa yamekupwa: bahari imerudi mbali, ngalawa zimelala ubavu mchangani. Meli kubwa ingekwama. Jahazi hutia nanga nje kidogo, na wabebaji huingia majini hadi kiunoni, wakarudi na matenga ya samaki begani, wakiyatua mnadani mmoja baada ya mwingine.