Kocha wa chuo akifungwa sana ndo basi? Acheni hizo

Kila ikifika Oktoba simu zinaanza. Nashauri familia za Waafrika Mashariki huku Marekani ambao vijana wao wanasajiliwa na vyuo kucheza futiboli ya Kimarekani, na wazazi wote wana wimbo mmoja: "yule kocha kafungwa mechi saba, hawezi tena, mtoto aende kwingine." Jamani, tuongee.

Dhana: Kocha akianza vibaya hageuki

Hii ndo inanichosha kuliko zote. Frank Beamer alifika chuo cha Virginia Tech kama kocha 1987, msimu wa kwanza akashinda 2 akafungwa 9, wa pili akashinda 3 akafungwa 8, na 1992, yaani msimu wake wa sita, akashinda 2, akafungwa 8, sare 1. Msimu wa sita! Mkurugenzi wa michezo Dave Braine akambakiza, ila hakubaki hivi hivi, benchi la wasaidizi likaguswa. 1993 akashinda 9 akafungwa 3, na kuanzia hapo misimu 23 mfululizo, mpaka anastaafu 2015, timu haikukosa mechi za baada ya msimu, na ule msimu wa 1999 akafika fainali ya taifa.

Mtasema hiyo ya zamani. Haya, Jim Harbaugh, kocha wa chuo cha Michigan, 2020 msimu wa korona: ushindi 2, vipigo 4, mashabiki wanataka aondoke. Chuo kikampunguzia mshahara, naye akaachana na kodineta wake wa difensi, yaani msaidizi anayesimamia ulinzi, akamleta Mike Macdonald kutoka timu ya kulipwa ya Baltimore Ravens. Novemba 2021 wakaipiga Ohio State 42-27, ushindi wa kwanza kwa mahasimu wao hao tangu 2011. Itafuteni hiyo mechi, theluji inadondoka na Hassan Haskins wa Michigan anafunga tachidauni 5 kwa kukimbia (tachidauni ni kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani), lakini msimwangalie yeye, waangalieni wale wanene watano wa laini ya mbele wanavyowasukuma difensi nyuma, sekunde mbili tu njia ishafunguka. Laini ile ilichukua tuzo ya laini bora ya nchi mwaka huo na uliofuata. Msimu wa 2023 Michigan ikashinda 15 kwa 15 ikabeba ubingwa.

Sasa sijasema kila kocha anageuka. Nasema idadi ya vipigo peke yake haikwambii kitu, angalia anabadilisha nini baada ya kufungwa.

Dhana: Wanafungwa kwa pointi chache, kwa hiyo wako karibu

Si lazima. Scott Frost, kocha wa Nebraska, 2021 alifungwa mechi 9 na hakuna hata moja iliyozidi tofauti ya pointi 9, watu wakasema mwakani atawaka. Kule kwa Michigan State, Nebraska walikuwa wanaongoza, mpigaji wao akaubutua mpira upande tofauti na walikojipanga wenzake, ukarudishwa mpaka tachidauni, wakapoteza kwenye muda wa nyongeza. Makosa ya aina hiyo yalikuwa yanajirudia tangu amefika. Baadaye alibadilisha wasaidizi wanne wa ofensi (mashambulizi) kwa mpigo, na bado 2022 alifukuzwa baada ya mechi 3 tu. Msimu mmoja wa hivyo naweza kuuita bahati mbaya, minne siwezi.

Dhana: Potali ya uhamisho inatatua kila kitu

Potali ndo njia ya mchezaji kuhama chuo kimoja kwenda kingine. Indiana ilishinda mechi 3 mwaka 2023, akaja kocha Curt Cignetti, 2024 ikashinda 11. Sawa, lakini alikuja na wachezaji na wasaidizi aliokuwa nao kwenye chuo chake cha awali, James Madison, wanaojua mfumo wake tayari. Florida State wa Mike Norvell nao waliegemea potali, 2023 wakashinda 13, 2024 wakashinda 2. Kinachojengwa kwa mwaka kinaweza kubomoka kwa mwaka.

Dhana: Watamfukuza tu wiki ijayo

Someni mkataba kwanza. Texas A&M walipomtoa kocha wao Jimbo Fisher 2023 fidia ilizidi dola milioni 75, na si kila chuo kina hela hiyo ya kulipa mtu asifanye kazi.

Kwa hiyo mkienda kutembelea chuo acheni kupiga picha na jezi muda wote. Muulizeni kocha nani anafundisha laini ya mbele na ana miaka mingapi pale, halafu nani aliondolewa kwenye benchi baada ya msimu mbaya na kwa nini. Akianza kuwalaumu vijana wake kwa majina mbele ya wageni, chukueni mtoto mwondoke.