"Bure" ya kituo cha afya

Husemwa sana: tangu Uganda ifute ada katika vituo vya serikali mwaka 2001, mjamzito wa kijijini asiyekwenda kupimwa ni mzembe tu. Hapana. Kilichofutwa ni ada, si nauli ya boda, ambayo usiku wa mvua hupanda. Tena anayekwenda kujifungua hufungasha mwenyewe glavu, pamba, wembe na kavera (plastiki) la kulalia, maana kituoni huenda vimekwisha. Uchungu ukikwama, kituo cha ngazi ya tatu hakina chumba cha upasuaji. Mpaka ngazi ya nne au hospitali. Kuchelewa huko (mume yuko mnadani, simu haishiki) ndiko huleta fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, mkojo ukamvuja mchana na usiku. Majirani wanasema karogwa.